Baba wa Kwenye Kaseti

Kila ninapokwenda kliniki na muuguzi akanipaka spiriti mkononi kabla ya sindano, mimi siioni sindano. Nafumba macho, navuta ile harufu, na papo hapo naiona sebule yetu ya mjini Kisii, pazia limeshushwa mchana, na baba yangu amepiga magoti mbele ya deki ya video akiwa na pamba kwenye ncha ya kijiti. Hakuweka kaseti yoyote kabla ya kusafisha kichwa cha deki, kile kinachosoma ukanda, kwa spiriti, hata kama aliyoitoa ilikuwa bado na joto. Mama alikuwa akisema kwamba laiti sisi watoto tungeoshwa masikio kwa bidii ile, tungekuwa tunasikia tunapoitwa.

Baba alikuwa na duka la kukodisha kaseti za video karibu na soko. Mababu zake walifika Kisii na biashara, wengine wakitokea pwani, wengine Uganda, wakaoa hapa, wakajenga msikiti, na makaburi yao yako hapa. Kwa hiyo nyumbani kwetu kilisemwa Kiswahili, na baba alikionea fahari, akawa anatusahihisha hata tukiwa tunalia. Mama alitoka Marani, nyumba ya Wakristo wanaosali Jumamosi. Alipoolewa akawa Mariamu, lakini akishuka tu pale Marani alikuwa tena Kemunto. Mimi Zuhura, katikati yao, nilijua Kikisii cha kusalimia na cha kugombezwa, basi. Naomba mlikumbuke hilo, maana mkilisahau mtaniona mjinga kuliko nilivyokuwa.

Kwa mfano, mke wa mjomba wangu mkubwa huko Marani nilimwita Anti Baba. Niliwasikia watoto wake wakimwita "Baba! Baba!" naye akitokea jikoni akifuta mikono, nikadhani ndilo jina lake, kama mwingine anavyoitwa Rehema. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na hakuna aliyejisumbua kunieleza. Ninyi mnaokijua Kikisii mmeshacheka pia. Kwa wengine niseme tu kwamba katika lugha hiyo "baba" ni mama, na baba mzazi huitwa "tata". Mimi nilikuja kulijua hilo nikiwa nimeshayafanya ninayotaka kuwasimulia.

Nilikuwa na Babu wa Marani na Nyanya wa Itumbe, na akilini mwangu hawa walikuwa watu wawili wasiohusiana. Babu alikuwa wa Marani pamoja na ndizi zake na redio yake. Nyanya alikuwa wa Itumbe pamoja na majani chai, chumba alichopewa na dada yake, na kikapu mgongoni. Mama alinipeleka kwa mmoja, likizo nyingine akanipeleka kwa mwenzake, na sikuwahi kusikia jina la huyu likitajwa kwa yule. Haikunijia kamwe kwamba waliwahi kuishi boma moja, na kwamba mama yangu alitoka kwao wote wawili.

Wakubwa wote waliijua habari yenyewe. Babu aliuza ng'ombe wa maziwa wa Nyanya bila kumwambia. Nyanya alirudi kutoka shambani akakuta kamba. Aliuzima moto jikoni, akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake Itumbe kuchuma chai, na miaka ikaanza kupita. Mama alitamani jambo moja tu, wazazi wake wazeeke mahali pamoja. Wakati mwingine nilimsikia akiliomba kwenye mkeka wa kusalia, kwa Kikisii, akidhani nimelala.

Lakini kwenda kumwambia Babu hakuweza. Kwao kuna kitu kinaitwa ensoni. Kwa Kiswahili tungesema soni, au haya, ila haya yetu huja na kupita, na hiyo yao ina sheria. Mtoto haulizi mambo ya wazazi wake wawili, hapatanishi, hata hataji, na mzazi naye hawezi kumjibu mwanawe mambo hayo bila wote wawili kuaibika. Asiye na ensoni na mzee ni mjukuu. Babu na mjukuu hutaniana watakavyo, ndiyo sababu Babu aliniita mke wake. Herufi za jina langu zilimshinda ulimi, akaniita Sura. "Mke wangu Sura amekuja," angesema, "leo nitakula vizuri," na mimi hata kuchemsha maji sikujua.

Aliyevunja sheria hiyo ni mdogo wake mama, mjomba Ombati. Alipiga gitaa la solo katika Kengele Jazz, bendi iliyokuwa na makao yake Keroka, nyuma ya duka la vipuri vya malori. Akatunga wimbo wa kumwita mama yake arudi nyumbani. "Baba, irana," ndivyo kiitikio kilivyokwenda. Akamtaja ng'ombe humo, akaitaja kamba, akautaja moto uliozimwa. Ungekuwa wimbo wa kuomboleza pengine angesamehewa, lakini ulikuwa mtamu, wa kuchezeka, na watu waliucheza. Wachungaji wakauhubiri vibaya. Chifu mmoja akavunja dansi. Wazee wakasema kijana aliyewavua wazazi wake nguo kwa gitaa asikaribishwe kwenye harusi ya mtu, na kweli bendi ikaanza kunyimwa harusi. Wanawake nao wakanunua kanda zake na kuzificha kwenye debe la unga, na wachumaji wa chai wakauimba katika mistari ya majani ambako mchungaji hafiki.

Babu hakuusikiliza hata mara moja. Redio yake, aliyoifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi ili betri zisidondoke, ilikaa karibu naye tangu asubuhi, na salamu za wasikilizaji zilipoanza, kidole chake kilikuwa tayari kwenye swichi. Gitaa la mjomba likitoa sauti ya kwanza tu, redio imezimwa. Baada ya muda aliokisia kuwa unatosha aliiwasha tena, na wakati mwingine alikosea, akakuta wimbo bado unamalizika, akazima kwa hasira.

Ndipo wakaja vijana wa Nairobi na kamera. Walipiga filamu kuhusu bendi hiyo iliyogombanisha watu, wakaiweka kwenye kaseti za video, na moja ikafika dukani kwa baba. Jalada lake lilikuwa jekundu, lenye picha ya mjomba ameshika gitaa akitazama pembeni. Baba alifunga duka Jumapili ile alasiri, akaileta nyumbani, akashusha pazia, akasafisha kichwa cha deki. Nilikaa sakafuni na sahani ya kaimati, mama akakaa kwenye mkono wa kiti kama mgeni asiyetaka kukaa sana.

Filamu ilisimuliwa kwa Kiswahili na mtu ambaye hatukumwona. Alikuwa na sauti nene ya kipwani, kila neno limekaa mahali pake, na baba alitikisa kichwa kwa raha ya sarufi. Tulimwona mchungaji akinyoosha kidole. Tulimwona chifu akisema yeye hakuvunja dansi, aliisimamisha tu. Tuliona watu wakicheza Keroka mchana, na mpigaji wa chupa ya soda aliyefumba macho kabisa. Kisha ikaja Itumbe, kijani kibichi mpaka mwisho wa kioo, na wanawake waliovaa aproni za plastiki wakichuma na kuimba. Mmoja mwenye kitambaa cha manjano alikuwa ameipa kamera mgongo. Wenzake waligeuka na kucheka, yeye hakugeuka.

"Nyanya!" nikapiga kelele, kwa sababu mgongo ule nilikuwa nimebebwa juu yake.

Mama akaweka kiganja mdomoni. Hapo hapo gitaa la mjomba likaingia, akaanza kuimba, na juu ya sauti yake yule msimulizi akatufasiria. Mwimbaji anamlilia babaye, alisema. Baba, rudi nyumbani. Moto umezimika jikoni, baba, rudi.

Baba alitoa kicheko cha puani, kisha akakimeza, maana mama alikuwa ameinuka na kwenda jikoni, na tulimsikia akifungulia maji bila kuosha kitu. Mimi sikuelewa kilichochekesha wala kilicholiza. Sauti ile ya kwenye kaseti ilisema kwa Kiswahili safi kuliko cha mwalimu wangu wa madrasa kwamba mjomba anamtaka baba yake arudi nyumbani, na baba yake mjomba ni nani kama si Babu wa Marani? Nikamuuliza baba kama Babu amepotea. Baba akajikuna kidevu. Alikuwa mkwe, na mkwe ana ensoni yake pia.

"Hayo kamuulize babu yako," akasema, akaitoa kaseti.

Kwake hiyo ilikuwa njia ya kufunga mjadala. Mimi nililichukua kama agizo.

Shule zilipofungwa mama akanipeleka Marani. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, redio mguuni, akinimenyea muwa kwa kisu chake chembamba na kunipa vipande vidogo visivyonishinda meno. Mama alikuwa hatua chache kutoka hapo akipepeta wimbi pamoja na Anti Baba. Harufu ya moshi wa kuni mbichi ilitujia kila upepo ulipogeuka. Babu alikuwa akinitania kwamba mume wangu wa mjini, yaani baba, ananilisha mikate ya hewa ndiyo maana sinenepi. Nami nikakumbuka agizo langu.

"Babu, mjomba Ombati anataka urudi nyumbani."

Kisu kikasimama kwenye muwa. "Nani amesema hiyo maneno?"

"Yeye mwenyewe, kwenye video. Anaimba, baba, rudi nyumbani. Anasema moto umezimika."

"Amesema baba?"

"Ndiyo. Na mtu wa video akasema kwa Kiswahili. Anamlilia babaye."

Ungo wa mama haukusikika tena. Anti Baba alikuwa ameinama na wimbi mkononi, na hakuinuka wala hakulimwaga. Sasa najua walichokuwa wakikingoja. Kwa miaka yote hiyo hakuna wa nyumbani aliyethubutu kuutaja wimbo ule mbele ya mzee, na wenzake wa rika waliojaribu walinyweshwa chai ya baridi wakaaga mapema. Babu aliutazama muwa, akanitazama mimi.

"Nirudi nyumbani," akasema polepole. "Na hapa ni wapi, Sura?"

"Hapa ni Marani," nikamjibu, nikishangaa kwamba hajui.

Hakucheka. Alimaliza kumenya kile kipande, akanipa, akakifuta kisu kwenye suruali. Kisha akaniuliza kama hiyo video iko na baba yangu, nikasema iko. Akasema atakuja kuona hiyo kitu. Njiani kurudi mjini mama hakunigombeza. Alinishika mkono tangu Marani mpaka mlangoni kwetu.

Babu alikuja siku ya soko, amevaa koti lake la kanisani na kofia. Hakuwa amewahi kuingia nyumbani kwa mkwewe, na baba alihangaika mpaka huruma. Alimpa kiti, akambadilishia kiti, akamwekea soda na mahamri na mto wa mgongoni, akasafisha kichwa cha deki kwa spiriti nyingi hata tukapiga chafya. Babu alitazama yote, mchungaji na chifu na chupa, mikono yake juu ya magoti. Gitaa la mjomba lilipoanza nikauona mkono wa kulia ukiteleza kutafuta swichi, na pembeni yake hapakuwa na swichi, palikuwa na mahamri. Mkono ukarudi gotini. Ukasikiliza naye.

Wimbo ulipokwisha alisema, "Rudisha."

Baba akarudisha nyuma bila kuzima kioo, na jambo hilo sijalisahau. Wanawake wa Itumbe walitembea kinyumenyume, majani yakaruka kutoka vikapuni yakajishika tena kwenye michai, na Nyanya akatujia mgongo mbele, mgongo mbele, mpaka kitambaa chake cha manjano kikajaa katikati ya kioo. Wakaimba tena. Baba, rudi nyumbani. Babu alikuwa ameegemea mbele.

"Huyu mtu wa Kiswahili ametoka wapi?" akauliza.

Baba akasema anafikiri ni mtu wa pwani.

"Anajua Kiswahili sana," akasema Babu. Akanywa soda yake yote, akavaa kofia, akaaga.

Likizo iliyofuata nilimkuta Nyanya wa Itumbe yuko Marani. Alikuwa jikoni akisonga ugali wa wimbi, moto umewaka vizuri, kitambaa cha manjano kichwani. Nilisimama mlangoni nimeduwaa, maana kwangu ilikuwa sawa na kumkuta mwalimu wetu mkuu amekaa sokoni anauza vitunguu. Nikamuuliza kama amekuja kututembelea. Akasema yeye yuko kwake, na nifunge mlango moshi usirudi ndani. Mama aliingia nyuma yangu. Alichukua mwiko mkononi mwa mama yake akaendelea kusonga, na Nyanya akamwachia, akakaa.

Nilifurahi kwa sababu sasa safari zilikuwa moja badala ya mbili. Hayo ndiyo yote niliyoyaona wakati huo. Niliona pia kwamba redio haikuzimwa tena. Salamu zikija na wimbo wa mjomba ukapigwa, Babu aliinuka polepole akaenda zake kutazama migomba, na redio ikabaki inaimba pale mlangoni, sauti juu, mpaka mwisho. Mjomba Ombati mwenyewe akaanza kuja Jumamosi. Walizungumza habari za mvua na barabara. Sidhani waliwahi kuutaja wimbo mpaka mzee alipofariki.

Babu alipokwisha kuzikwa na miaka kadhaa kupita, nilikwenda kukaa na Nyanya siku chache. Nilikuwa mtu mzima, nimejua Kikisii, na nilikuwa nimeshacheka peke yangu mara nyingi kwa kosa la yule msimulizi mwenye Kiswahili chake kizuri, ambaye alisikia "baba" akadhani amesikia baba. Tulikuwa tukichambua mboga. Nikamsimulia Nyanya jinsi mtoto wa mjini alivyoamini kaseti akampelekea babu yake ujumbe usio wake. Nilidhani namwambia jipya.

"Najua," akasema. "Alikuja nao."

Aliendelea kuchambua. Akaniambia kwamba siku moja alikuwa kituoni akingoja majani yake yapimwe, akamwona Babu amesimama barabarani na koti la kanisani, na kifurushi chini ya kwapa. Akamwendea akamuuliza anatafuta nini Itumbe.

"Akasema, 'Mke wangu wa mjini ameniambia nirudi nyumbani. Nimerudi.'" Nyanya akatupa bua pembeni. "Kifurushi kilikuwa na nguo zake."

Na kweli alikaa. Alilala sebuleni kwa shemeji yake, asubuhi akabeba kikapu, mzee mzima, akachuma jani na jani na chipukizi huku wanawake wakimwimbia wimbo wa mwanawe sikioni, naye hakuwa na swichi. Nyanya alimwacha achume mpaka vidole vikawa vyeusi. Ndipo wakaondoka pamoja.

"Na ng'ombe?" nikauliza.

"Ng'ombe nilimdai mwenyewe," akasema. "Ng'ombe huyo kwenye kaseti hawakumfasiri."

Nilicheka, kisha nikalia, na yeye akanisogezea mboga zake nimalizie. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba Babu alidanganywa na kosa la Kiswahili. Lakini mtu anayezima wimbo kwa sauti ya kwanza ya gitaa ni mtu anayeujua wimbo. Alijua tangu nilipofungua mdomo ni nani aliyekuwa akiitwa. Kutoka kwa mwanawe asingeweza kulipokea neno hilo, wala kutoka kwa mama yangu, na wao wasingeweza kumpa. Kutoka kwa mjukuu aliyekosea aliweza, na kwa kosa lile wimbo uligeuka ukamtazama yeye, akaona kwamba aliyekuwa ameondoka nyumbani huenda ni yeye aliyebaki Marani na redio.

Kaseti ninayo. Mwaka uliopita nilimpelekea kijana mmoja mjini anayehamishia kaseti kwenye simu. Alikuwa na deki kuukuu, naye akakisafisha kichwa cha deki hiyo kwa spiriti, nikalazimika kutoka nje kidogo. Niliporudi alikuwa amefika Itumbe.

"Anti, hapa walikosea," akasema. "Si baba, ni mama. Nikuwekee maandishi ya kusahihisha?"

Nikamwambia aache vilevile.

"Lakini watu hawataelewa."

"Mwenyewe alielewa," nikasema, na tukaitazama mpaka mwisho.